Ruhusu au Zuia

Mtaa mzima ulimwita Vidole, na hata mume wake akikasirika alimwita hivyo hivyo. Jina alilipata katika ofisi ya wapigachapa, alikokaa miaka kumi na minne akiandika barua za watu bila kutazama chini, macho kwenye karatasi, vidole vikikimbia kama vifaranga walioona mwewe. Ofisi ilipofungwa, wenzake walirudi nyumbani na masanduku ya vyombo. Yeye alirudi na kompyuta na printa, akaziweka mezani sebuleni karibu na dirisha, na tangu siku hiyo kila mwenye shida ya kuandikiwa alijua njia.

Aliandika wosia, maombi ya kazi, barua za posa na barua za kuvunja posa. Aliandika malalamiko ya mpangaji dhidi ya mwenye nyumba, na juma lililofuata akamwandikia mwenye nyumba majibu yake, wala hakuna kati yao aliyejua kwamba mwenzake alikalia kiti kile kile. Hapo ndipo ilipokuwa sifa yake. Kuandika haraka wengi wanaweza. Vidole alikuwa na mdomo wenye komeo, na mtu akishamwambia neno lake alilala usingizi.

Kwa hiyo Mizani alipoingia Alhamisi ile mchana, akasimama katikati ya sebule na mkoba begani bila kutafuta kiti, Vidole alijua kuna jambo.

Mizani alipima magadi katika kiwanda cha sabuni, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni na ambayo hayachagui kati ya mafuta na ngozi ya mtu. Wafanyakazi wenzake thelathini na saba walikuwa wamemchagua asimamie barua yao. Walitaka glavu. Si kingine: glavu za mpira, nzima, zibadilishwe kila mwezi. Barua ilikuwa iende kwa mkaguzi wa kazi Jumatatu, na meneja asijue mpaka imeshafika.

"Meneja ametukusanya leo asubuhi," Mizani alisema. "Amepanda juu ya kreti, anacheka. Akasema, nasikia humu kuna watu mikono yao siyo koleo. Akarudia mara mbili, taratibu, kama anasoma mahali. 'Mikono yetu siyo koleo.' Halafu akasema anayetaka glavu dukani zimejaa."

Vidole alimsogezea kiti, Mizani hakukitazama.

"Wenzangu wanasema umetuuza, dada."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekuja kuuliza. Ningekuwa sina swali ningepita mbali na nyumba hii kama mtu apitavyo mbali na shimo la choo."

"Hayo maneno ya koleo," Vidole alisema, "nilikusomea?"

Mizani alitazama dari kana kwamba barua ilikuwa imebandikwa kule. "Hapana," akasema mwishowe. "Ya koleo hukunisomea."

"Niliyaongeza Jumanne ulipokwisha kuondoka. Nilisoma barua nikaona imepoa, nikatia sentensi moja ya moto. Sijaichapa kwenye karatasi. Sijamsomea mtu. Hata mume wangu hajaiona."

"Basi meneja kaiona wapi?"

Wote wawili waligeuka. Kompyuta ilikuwa pale mezani chini ya kitambaa cha kufuma, imetulia kama paka aliyekula samaki wa watu.

"Nipe mpaka Jumapili mchana," Vidole alisema. "Ukija utakuta jibu."

"Nitakuja. Lakini nisikute chai na maneno matamu."

"Chai utakuta. Maneno matamu sina."

*

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa ya mama mkwe: humu hatufungiani. Vyumba havikuwa na funguo. Kabati halikuwa na kufuli. Mama mkwe alisema mlango wa kufungiana ndugu huanza na mbao na kuishia na msiba, na kwa kuwa aliwalea watoto wake katika chumba kimoja, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumbishia. Kompyuta ilipoingia, sheria iliingia nayo. Neno la siri lilikuwa moja kwa kila kitu: jina la marehemu baba mkwe na namba ya nyumba. Lilijulikana kwa wana, kwa binamu, na kwa jirani wa upande wa kushoto ambaye siku moja alitaka kutazama matokeo ya mpira.

Aliyeiweka kompyuta ilivyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake, ambaye kila mtu alimwita Sistimu kwa sababu hakuna swali aliloulizwa asijibu kwa neno hilo. Umeme ukikatika, sistimu. Mchumba akimkataa, sistimu. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za ofisi katika kiwanda hicho hicho cha sabuni, na kila ilipotokea tatizo sebuleni kwa Vidole alikuja na shati lililopigwa pasi, akabonyeza mara tatu, akala, akaondoka.

Vidole aliyaunganisha haya yote siku ile ile ya Alhamisi, Mizani alipofunga mlango. Aliyajua kwenye tumbo. Lakini tumbo si ushahidi, na mtu aliyeishi kwa barua za watu anajua tofauti ya tuhuma na hati.

Ijumaa asubuhi mume wake, fundi bomba, alikuwa amekaa kizingitini anasafisha koki iliyoota kutu. Vidole alisimama nyuma yake.

"Nataka kuweka kufuli kwenye kompyuta."

"Kufuli la nini? Nani wa kuiba meza nzima?"

"Si wa kuiba. Wa kusoma."

"Mwite Sistimu aiangalie."

"Sistimu ndiye aliyeiweka ilivyo."

"Ndiyo nasema. Anaijua."

"Fundi aliyekuharibia gauni humpelekei kitambaa kingine."

Mume alicheka, akapuliza kutu. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyezoea kwamba kila bomba lina mwenyewe. "Vidole, wewe ni mtu wa herufi. Vitu vya ndani ya mashine vina wenyewe. Utagusa kisichoguswa, uje uzime mtaa."

Vidole alilirudia neno lile kimoyomoyo. Vina wenyewe. Alikuwa amelisikia kabla, siku kompyuta za kwanza zilipoletwa ofisini, walipokuja vijana watatu wa tai kuwafundisha wanawake kumi na mmoja kuandika, wanawake walioandika tangu vijana hao hawajaota meno. Alirudi sebuleni, akachukua daftari jipya, na kwenye ukurasa wa kwanza akaandika kwa mwandiko mkubwa: WENYEWE NI NANI? Chini yake akapiga mstari, na chini ya mstari akaanza kazi.

Alianza na kivinjari, ile programu inayofungua kurasa za intaneti, kwa sababu barua pepe yake alikuwa akiifungulia humo. Na barua pepe ndiyo iliyomtia wasiwasi. Ofisini walimfundisha kwamba mpigachapa asiye na nakala ni wakili asiye na shahidi. Kila barua ilipigwa na karatasi ya kaboni nyuma yake, na nakala ikaenda kabatini. Kaboni zilipokwisha duniani, Vidole hakuacha. Kila rasimu aliyoimaliza alijitumia mwenyewe kwa barua pepe, ikakaa huko kama kabati lake la zamani. Rasimu ya Jumanne nayo, yenye koleo, alijitumia. Miaka minne alikuwa akijivunia desturi hiyo. Sasa aliiona ilivyo: alikuwa akipeleka siri za mtaa mzima kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa jina la marehemu lililoandikwa juu ya kaburi.

Alisoma siku mbili. Alisoma kurasa za msaada kama alivyokuwa akisoma mkataba, kidole kwenye mstari, neno asilolijua akilitoa pembeni ya daftari na kulirudia mpaka linyenyekee. Hakuwa na mwalimu na hakumtafuta. Mara moja ukurasa mwekundu uliruka mbele yake ukiwaka na kuzima kama taa ya gari la wagonjwa: HATARI, KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI 214, BONYEZA HAPA UOKOLEWE. Vidole aliutazama.

"Umevihesabu saa ngapi?" aliuuliza. "Mimi mwenyewe nimeingia sasa hivi."

Akaufunga, na kwenye daftari akaandika: anayekupigia kelele uharakishe, usimwitikie.

Vivinjari vilivyosifiwa vilikuwa vingi, akabakiza vitatu. Cha kwanza kilikuwa kizuri kama harusi, chepesi, lakini kabla hajafungua ukurasa hata mmoja kilitaka namba yake ya simu na siku aliyozaliwa. Akakitoa. Mgeni anayekuuliza umri kabla hajakaa ana lake jambo. Cha pili kilijisifu kwa kurasa sita kwamba hakuna mlinzi kama yeye, lakini alipochimba tarehe akakuta mara ya mwisho kilifanyiwa marekebisho ilikuwa mwaka juzi. Huyo mlinzi alikuwa amelala, na wezi hawakuwa wamelala naye. Cha tatu hakikuwa na maneno mengi. Kilirekebishwa siku tisa zilizopita, na kabla ya hapo mwezi mmoja nyuma, na kabla ya hapo tena. Hakikutaka akaunti. Kilizuia wale wanaomfuata mtu ukurasa hadi ukurasa wakiandika alichotazama. Na waliokitengeneza walikuwa wameweka wazi maandishi yake yote ya ndani, anayeweza kuyasoma ayasome, akiona kasoro aseme. Vidole hakuweza kuyasoma. Lakini alielewa maana ya mtu kuweka daftari lake mezani wazi.

Hicho.

Alipokitafuta akipakue, jibu la kwanza lilimpeleka kwenye ukurasa wenye rangi zile zile, jina lile lile, kitufe kikubwa cha kijani. Mkono ulikuwa umeshafika. Kisha jicho likakataa. Mashine za chapa alizojifunzia ujanani hazikuwa na tarakimu ya moja. Walitumia herufi ya *l* ndogo mahali pake, na kompyuta zilipokuja ilibidi jicho lake lijifunze kuwatenganisha ndugu hao wawili hata gizani. Katika anwani ile, mahali pa *l* palikuwa na moja. Ukurasa ulikuwa wa bandia. Vijana watatu wa tai wangebonyeza. Sistimu angebonyeza huku anakula. Vidole alirudi nyuma, akaandika anwani ya watengenezaji wenyewe herufi kwa herufi, akakichukua kivinjari chake mlangoni kwa mwenyewe.

Kabla ya kukiondoa cha zamani alikizunguka mara ya mwisho, kama mtu anayehama nyumba. Kule juu kwenye kona kulikuwa na duara dogo ambalo siku zote alilidhani pambo. Alilibonyeza. Ndani yake palitokea jina la shemeji yake, anwani yake ya kazini, nembo ya kiwanda cha sabuni, na mstari mmoja: *Imesawazishwa. Maneno ya siri yaliyohifadhiwa: 23.*

Kusawazishwa alikuwa ameshakusoma, kulikuwa ukurasa wa nne wa daftari. Maana yake ni kwamba kila alichokihifadhi hapa, nakala yake ilikwenda kule. Neno la siri la barua pepe, la kwanza kwenye orodha, lilikuwa likikaa ofisini kiwandani tangu siku Sistimu alipomwambia, "Shemeji usihangaike, nimeshakufungulia."

Vidole alikaa na mikono mapajani. Mama mkwe alipita na kikapu cha nguo, akamtazama. "Unaumwa?"

"Hapana, Mama. Ninasoma."

Aliitoa akaunti ile. Alibadilisha maneno ya siri yote ishirini na matatu katika kivinjari kipya, kila moja na lake, na la barua pepe likawa sentensi ndefu ya kipuuzi ambayo hata msimulizi wa habari hii hakuambiwa. Kisha akaenda kwenye ukuta wa moto, ile programu inayokagua kinachoingia na kinachotoka katika kompyuta. Mama mkwe alipolisikia jina hilo aliuliza kama ni lazima uwashwe sebuleni, karibu na mapazia. Kompyuta ilikuwa nao tangu kuzaliwa kwake. Palipoandikwa hali yake paliandikwa *Umezimwa*. Vidole alikumbuka siku hiyo. Sistimu alisema unasumbua, unauliza uliza kama mke mpya.

Akauwasha. Lakini alisoma zaidi, akagundua kwamba ule wa kuzaliwa nao huwakagua sana wanaoingia, na wanaotoka huwaachia tu. Hilo halikumtosha. Mwizi hakuingia ili aingie. Aliingia ili atoke na mzigo. Kwa hiyo akaongeza mwingine mdogo, wa watengenezaji aliowapima kwa kipimo kile kile cha tarehe na uwazi, ambao kila programu ilipotaka kutoka uliisimamisha mlangoni na kumuuliza mwenye nyumba: Ruhusu, au Zuia. Saa ya kompyuta ilitaka kutoka ikaulize wakati. Akasoma mpaka nukta, akairuhusu. Kivinjari kikataka kutoka, akakiruhusu. Jioni ile ya Jumamosi alizima mashine akiwa na mgongo unaouma na furaha mbaya kifuani, ile furaha ya mtu aliyenoa panga na bado hajajua atakata nini.

*

Jumapili Sistimu aliingia mapema, chakula kikiwa bado jikoni. Hakumsalimia mama yake kwanza, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Shemeji," alisema, "umeichezea kompyuta?"

Vidole alikuwa anafuta vumbi mezani. Aliendelea kufuta. "Nani amekwambia?"

"Si… nimeona tu. Haipo hewani."

"Umeona ukiwa wapi?"

Fundi bomba, aliyekuwa anavaa viatu, alisimama na kiatu kimoja mkononi. Mama mkwe alitokeza mlangoni mwa jikoni. Sistimu alitazama kiatu cha kaka yake, akatazama mapazia.

"Sistimu ya kazini ilileta taarifa," alisema.

"Sistimu ya kazini inaletewa taarifa za sebule yangu?"

Wakati huo huo, kana kwamba imeitwa ushahidini, kompyuta ambayo Vidole aliiwasha asubuhi ilitoa mlio mdogo. Kwenye kioo palikuwa na swali. Programu iitwayo Mtazamo wa Mbali ilitaka kutoka, iende kwenye anwani ya ofisi ya kiwanda cha sabuni. Ruhusu. Zuia. Vidole hakubonyeza kitu. Alivuta kiti pembeni ili wote waone.

"Haya, shemeji. Mimi ni mtu wa herufi. Nisomee hiyo."

Sistimu alijaribu neno lake, nalo halikuja. Mwisho alikaa kwenye mkono wa kochi, akasema akitazama sakafu.

"Ile niliiweka zamani, ya kukusaidia kibodi ikikwama. Wallahi ilikuwa ya kusaidia. Meneja alijua wewe ndiye unayewaandikia. Akaniita. Akasema, angalia tu, usiguse."

"Ukaangalia."

"Mwezi ujao ananiweka mkuu wa kitengo."

"Sikukuuliza mwezi ujao. Ukaangalia."

"Nikaangalia. Shemeji, nina familia."

"Familia ipi hiyo, ambayo si hii?"

Mama mkwe aliweka mwiko juu ya meza, polepole, kama anaweka kitu cha kioo. Aliketi karibu na Vidole, akamshika kifundo cha mkono. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya upendo, na upendo ule ndio uliokuwa mzito.

"Mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite. Huyo mwanamke akija, mwambie mashine iliharibika, ikavuja yenyewe. Mashine haina mama wa kuilia. Huyu anaye, ni mimi."

"Mama, nikilifunika kombe hilo nimefunika na mikono ya wale watu."

"Watakuja kumpiga mlangoni. Mtaa utamwita msaliti mpaka afe."

"Na mimi wananiita nani tangu Alhamisi?"

"Wewe una mume. Lako litapita."

"Langu halipiti, Mama. Jina langu ndilo linalonilisha. Nikiwadanganya leo, kesho atakayekalia kiti hiki atakuwa anamsimulia siri zake mwongo, na mimi ndiye nitakayejua."

"Nyumba hii hatujapata kufungiana," mama mkwe alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Ndiyo maana hatukujua nani ametoka na nini."

Hakuna mtu aliyewahi kumjibu yule mama hivyo. Vidole mwenyewe alisikia neno likimtoka akadhani amelisema mwingine. Lakini hakulirudisha. Alimwachia mama mkwe mkono wake vile vile, hakuunyakua. Na neno nalo akaliacha pale lilipotua.

"Hodi," akasema Mizani mlangoni.

Ni mume aliyemkaribisha. Alifungua mlango na kiatu bado mkononi, akamwonyesha kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama ukutani kama mgeni. Mizani aliketi. Aliwatazama mmoja mmoja, akamfikia Sistimu, akamjua.

"Wa ofisini," alisema.

"Ni shemeji yangu," Vidole alisema. "Barua yenu ilitokea humu. Mimi sikuiuza, lakini ilitokea humu, kwenye mashine yangu, kwa mlango niliouacha wazi miaka minne. Nilitumia kivinjari kilichofunguliwa kwa akaunti ya kiwanda na sikuuliza. Nilizimiwa ukuta wa moto nikanyamaza kwa sababu niliambiwa vitu hivi vina wenyewe. Nilijitumia nakala ya barua yenu, na meneja aliisoma kabla yenu. Aliyemfungulia ni huyu. Kosa la kufungua ni lake, kosa la kutofunga ni langu. Hilo ndilo jibu."

Nje mtu alikuwa anaburuta ngazi. Walimsikia mpaka alipopinda kona.

"Wakiniuliza nitawaambia yote," Mizani alisema. "Sitapunguza gramu."

"Usipunguze."

"Na wakisema barua tuandike kwingine, tutaandika kwingine."

"Ni haki yenu."

Mizani alisogea karibu na kioo. "Na hiki kinachouliza hapa ni nini?"

"Ni ile programu ya kutazama. Inataka kutoka iende kwa meneja. Inasubiri kuambiwa."

"Sasa hivi? Sisi tukiwa hapa?"

"Sasa hivi."

"Miwani nimeacha. Hapana ni ipi?"

Vidole alisogeza kishale hadi kwenye neno, akampisha. Mizani akaweka mkono wake juu ya kipanya, na wote waliokuwa sebuleni waliuona: vidole vilivyokuwa laini kupita kiasi kwenye ncha, bila mistari, na juu ya kiganja ngozi ya waridi iliyokakamaa kama karatasi iliyolowa ikakauka. Sistimu aligeuza uso. Kiwandani alikuwa akipita mbele ya mikono hiyo kila siku akielekea ofisini. Mizani alibonyeza Zuia. Swali likaondoka.

"Barua pepe huandika kila inapofunguliwa, nami Jumamosi nimenakili," Vidole alisema. "Nataka kuongeza aya moja kwenye barua, mkikubali. Kwamba kabla haijatumwa ilisomwa, na kwa njia gani, na tarehe. Ninayo tarehe. Ninayo hata saa."

Sistimu alisimama. "Utaandika jina langu?"

"Nitaandika kilichotokea. Jina lako ukitaka utaliweka mwenyewe. Chini, pamoja na wengine, kama shahidi."

"Nitafukuzwa."

"Huenda."

"Unaniambia nifukuzwe kwa ajili ya glavu."

"Mimi sikuambii kitu, shemeji. Kalamu iko mezani, mlango uko pale. Safari hii hakuna wa kukuangalia kwa siri."

Sistimu alimtazama kaka yake amwokoe, na kaka yake alikuwa akiitazama kompyuta. "Mimi ndiye niliyesema ina wenyewe," fundi bomba alisema bila kumgeukia. "Kumbe nilikuwa namaanisha wewe, mdogo wangu." Sistimu alichukua kofia yake. Hakufunga mlango alipotoka, na mama yake alimfuata mpaka uani, akirudia jina lake la utotoni.

Kalamu ilibaki mezani. Vidole aliikunja mikono ya gauni akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi sauti ile ya vifaranga ikajaa sebule. Aya ilitoka kwa pumzi moja. Mizani alisomewa mara mbili, akabadilisha neno moja tu: palipoandikwa *tunaomba* alisema paandikwe *tunataka*.

"Mkaguzi atasema tuna kiburi," Vidole alisema.

"Aseme. Chapa."

Akaamuru kuchapa. Printa haikutikisika. Badala yake swali jipya likatokea kwenye kioo, na Mizani akaruka kitini. "Wamerudi?"

"Ngoja." Vidole alilisoma tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kidole kwenye mstari, bila haraka. Ni printa. Programu yake ilikuwa inaomba ruhusa ya kutoka na kurasa tatu, izifikishe kwenye printa hiyo pale pale mezani. Alihakikisha anwani, tarakimu kwa tarakimu.

"Huyu namjua," alisema, akabonyeza Ruhusu, na karatasi ya kwanza ikaanza kutoka.